Siku Dobi Alipomwosha Pamba

Mtaani hakuna aliyemjua kwa jina. Alikuwa Dobi tu, mtu wa makamo mwenye vidole vya babu, vilivyokunjamana na kupauka kwa sabuni. Chumba chake kimoja kilikuwa nyumba na kilikuwa kazi. Kutwa kilinuka mvuke, mkaa wa pasi na buluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Chini ya meza ya kupigia pasi, ndani ya kreti la mbao, waliishi sungura wawili wa mkewe: Pamba, jike, mweupe pe, na Masizi, dume, mweusi ti.

Mkewe aliwalea tangu wakienea kiganjani. Alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, hakuulizia nyumba wala chakula. Alimshika mumewe mkono akasema, "Mume wangu, nakuomba moja. Nikirudi niwakute wamelala pamoja. Usimpe mtu hata mmoja. Sungura akibaki peke yake hujifia pole pole."

"Utawakuta," Dobi akasema.

Kusema ni rahisi. Masizi alikuwa ndiyo kwanza amebalehe, na akili yote ilikuwa imemhama. Alimpanda Pamba mbele na nyuma, akamzungusha kreti zima, na Pamba akamjibu kwa meno. Manyoya yakaruka hadi kwenye mashati ya wateja. Mkojo nao Masizi aliurusha kila upande, mpaka suruali ya mwalimu iliyokuwa ikingoja pasi ikapata sehemu yake.

Mama muuza mkaa akasimama mlangoni na gunia kichwani. "Dobi, leo kwako kuna ndondi? Kiingilio bei gani?"

"Cheka tu, mama. Wewe huna sungura."

"Nina mume. Tofauti yao masikio."

Dada wa mkewe yeye hakucheka. "Shemeji, hao ni kitoweo. Dada atasahau."

"Dada yako hasahau kitu."

Akawatia kapuni, akawapeleka kwa daktari wa mifugo, mtu aliyezoea zaidi mbuzi na ng'ombe. Masizi akahasiwa. "Sasa watenganishe mpaka damu yake ipoe," daktari akamwambia, "ila weka waya katikati waonane. Na matambara yao uwe unabadilisha, huyu alalie la yule. Sungura hamjui mwenzake kwa sura, anamjua kwa pua. Ukija kuwakutanisha, iwe mahali ambapo si kwa huyu wala si kwa yule."

Dobi akafuata kama anavyofuata maagizo ya nguo za hariri. Mwanzoni wale wawili walinguruma na kupiga miguu chini. Baadaye wakapuuzana. Asubuhi moja akawakuta wamelala mgongo kwa mgongo, waya katikati. Akawapeleka bafuni kwa shemeji yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, glovu nene mkononi. Masizi akasogea, akainamisha kichwa. Pamba akamlamba paji la uso. Dobi alijikuta anapangusa macho kwa glovu.

Hospitalini mkewe akauliza kama kawaida yake, "Wanalala pamoja?"

"Kama mapacha."

Mkewe akacheka hadi kikohozi kikamshika.

Haukupita muda, wakaambiwa anaweza kurudi nyumbani. Dobi alitaka kushukuru, lakini shemeji yake akamvuta pembeni ukutani. "Shemeji, elewa. Wanamrudisha, lakini si kwa kuwa amepona."

Dobi akaenda nyumbani, akafanya jambo pekee ambalo mikono yake ililijua. Akafua. Akafua mashuka, mapazia, magauni ya mkewe, foronya, na matambara yote ya sungura. Akachemsha, akasuuza, akaanika. Kisha macho yakaangukia kwa Pamba. Miguu ya nyuma ilikuwa imegeuka manjano kwa mkojo, tumbo la kijivu. Na Dobi, tangu aanze kazi, hajapata kumrudishia mwenye mali kitu cheupe kilicho na manjano.

Akajaza beseni maji ya uvuguvugu. Akamsugua kwa sabuni, akamsuuza kwa maji ya buluu. Pamba alipigana, halafu akalegea. Akamfuta, akamweka juani, akakauka akawa mweupe kama shati la bwana harusi. Akamrudisha kretini.

Masizi akamnusa. Akapiga chafya. Akanusa tena, akapiga mguu chini.

"Acha ujinga, ni mwenzio huyo," Dobi akasema, akageuka kuchochea mkaa.

Watu husema sungura hana sauti. Anayo, ila huitunza kwa siku ya kufa, na sasa Dobi aliisikia nyuma yake. Dobi alipowaachanisha, mkono wake ukitoka damu, tumbo la Pamba lilikuwa limeshachanika. Akakimbia naye kifuani. Kwa daktari alifika na maiti inayonukia sabuni.

"Ulimwosha?" daktari akauliza.

"Alikuwa mchafu."

"Basi yule alipigana na mgeni. Rudi naye, mlaze karibu na mwenzake anuse, ajue amekufa. La sivyo atamtafuta."

Dobi akafanya hivyo. Masizi aliinusa ile maiti mara moja, akaipa mgongo. Ya nini kumlilia asiyemjua? Akatoka kretini kumtafuta Pamba. Akaingia chini ya meza, akazunguka ndoo, akaenda mlangoni, akarudi chini ya meza.

Masizi alikuwa bado anazunguka wakati mke wa Dobi alipoingia akishikiliwa na dada yake, amebaki mifupa. Akakaa kitandani akihema, akamtazama Masizi kwa muda mrefu.

"Anamtafuta nani?"

Dobi akamwambia yote, amesimama, mikono nyuma. Hakuacha kitu.

Mkewe hakupiga kelele. "Mpe tambara la Pamba," akasema mwishowe. "Lile ambalo hujalifua. Alale nalo."

Dobi akatazama nje kwenye kamba. Yote yalikuwa pale, yakipepea.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Nilitaka ukute pasafi."

Mkewe akauvuta mto, akaunusa, akaurudisha. "Kweli, pasafi. Haya, niletee yeye."

Dobi akambeba Masizi, akamweka kitandani. Mkewe akamnyooshea kiganja. Masizi akanyoosha pua, akakinusa kile kiganja kilichonuka dawa, dawa tupu, akarudi nyuma. Kisha akaruka chini, akaenda zake chini ya meza kuendelea kutafuta. Mkewe akaukunja mkono taratibu, akauficha ndani ya shuka.