Herufi Moja Katika Moyo wa Wifi

Katika maabara ya hospitali ile alijulikana kama Mama Hakiki, kwa sababu hakuwahi kutoa jibu la damu bila kulirudia. Wengine walimwita hivyo kwa kumsuta. Mimi naliona ni jina la heshima, na wanaolicheka waombe wasije kuugua mikononi mwa mwingine.

Umri ukiwa umeshamwendea, alijiunga na mafunzo ya bioinfomatiki, yaani kuzisoma kwa kompyuta herufi za vinasaba vya wagonjwa ili utafiti uwafikie vitandani. Wanafunzi wenzake walikuwa rika la watoto wake. Wao wakimaliza zoezi, yeye bado anatafuta nukta kwenye kibodi. Hakuona haya. Aibu ni ya anayejifanya anajua.

Ndipo wifi yake, mke wa kaka yake na mwenyewe fundi wa kuezeka nyumba, alipozimia kazini, bahati nzuri akiwa chini, si juu ya paa. Kipimo cha moyo hakikuonyesha kitu. Damu ikapelekwa maabara ya mbali, jibu likarudi: katika jeni moja ya moyo, mahali pa herufi G pamekaa A, na badiliko hilo linashukiwa kuusimamisha moyo ghafla. Daktari wa moyo akampiga marufuku kupanda juu, akaanza kuzungumzia kifaa cha kupandikizwa kifuani.

"Wewe si ndiye wa hizo kompyuta?" wifi alimwambia. "Bonyeza hapo, niandike mzima."

"Kompyuta haina wifi."

"Na wewe je?"

"Ninaye mmoja, mdomo wake haulali. Ndiyo maana sigusi kitu bila ruhusa."

Mama Hakiki alimwendea daktari wa moyo. "Ukiniletea huruma nitakupa chai," daktari alisema. "Niletee watu."

Alikuwa na maana hii: herufi inayoua isingekuwa ya kawaida kwa wazee wenye mioyo mizima. Hospitali ilikuwa na vinasaba vya wazee waliojitolea kwa utafiti, mioyo yao imepimwa. Mama Hakiki akaomba idhini kwa kamati ya maadili, akasubiri, huku wifi amekaa nyumbani anagombana na masufuria.

Idhini ilipotoka, akaandika amri zake. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna mzee hata mmoja mwenye A. Basi wifi alikuwa hatarini kweli. Mama Hakiki alifuta machozi, akaanza kuandika taarifa.

Wengi wangeishia hapo, wakajiona wakweli kwa kuwa jibu limewauma. Huo ni uvivu. Jibu chungu nalo lihakikiwe. Akazitazama tena herufi za wazee mahali pale. Wote walikuwa na T. Lakini ripoti ilisema mtu mwenye afya ana G. Sasa G imekwenda wapi?

Akamwita mwalimu wake. "Umetumia ramani ipi?" mwalimu aliuliza. Kumbe maabara ya mbali ilifuata ramani ya jeni ya zamani, mafaili ya wazee yakafuata mpya. Ni kama mtaa uliobadilishiwa namba za nyumba.

"Umebisha kwa jirani," mwalimu akacheka. "Sote tumeshabisha hapo."

Akageuza anwani. Alianza na faili la wifi mwenyewe, A ikaonekana. Kisha wazee. Safari hii A ikajitokeza kwa karibu mzee mmoja katika kila kumi, na mioyo yao ilikuwa inapiga vizuri kabisa. Maabara ya mbali ilikuwa imelinganisha na watu wa kwingine, ambao herufi hiyo ni adimu kwao.

Daktari aliuliza maswali makali, akaagiza mtu mwingine arudie hesabu. Ikatoka vilevile. Akatafuta upya kilichomwangusha fundi, akakuta upungufu wa damu, akautibu, akafuta marufuku. Kwenye kikao akatangaza kwamba tangu sasa hakuna shaka ya jeni itakayomfikia mgonjwa kabla ya kulinganishwa na watu wa hapa, na kazi hiyo akamkabidhi Mama Hakiki. Wanafunzi wenzake walipiga makofi hadi mlinzi akachungulia.

Wifi aliporudi kazini, Mama Hakiki alikwenda kumwona. Alimkuta juu ya kenchi, mbao za kubebea paa, misumari kinywani.

"Panda, wifi. Huku juu kuna hewa."

"Naogopa ngazi."

"Mtu wa kugombana na kompyuta anaogopa ngazi? Basi nishikie."

Akaishika kwa mikono miwili, akicheka kicheko ambacho maabara haijawahi kukisikia.