Kodi Aliyoililia Clifford Sugden

Wengine wakiambiwa na wakili kwamba serikali haitawadai hata peni, hupitia baa kujipongeza. Clifford Sugden alitoka ofisini kwa wakili uso umemshuka, utadhani kafiwa.

"Hakuna kodi kabisa?" alikuwa ameuliza mara tatu. "Hebu hesabu tena, binti yangu."

"Bwana Sugden," alisema wakili, Bi Pickersgill, "kodi ya urithi huanza mali ikivuka kiwango. Nyumba yako na akiba yako, hata tukiongeza na zile liki, mboga zako za mashindano, hazifiki. Wewe andika wosia tu, umwachie Doreen nyumba. Usipoandika, sheria haimjui."

Wosia ungeandikwa, hilo halikumsumbua. Kilichomuuma ni kodi. Alikuwa ameitegemea.

Doreen Hebblethwaite alikuwa ameishi naye miaka thelathini na mitatu. Mtaa mzima ulimwita Bi Sugden, naye alimsahihisha kila mtu, hata kasisi, hata muuza maziwa. Alishaolewa akiwa na miaka ishirini, kwa mapenzi ya kuzimia, na mapenzi hayo siku moja yakaaga kwamba yanakwenda kununua gazeti, yakaondoka na saa ya ukutani ya mama yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Clifford alipomposa mara ya kwanza, Doreen alijibu bila kuinua macho kwenye viazi alivyokuwa akimenya: "Kwa mapenzi nilishaolewa, sirudii. Ukipata sababu ya maana, niambie."

Tangu hapo Clifford alikuwa akiitafuta. Aliitafuta akiendesha basi mpaka akastaafu, akaitafuta akipalilia liki, na sasa moyo wake ulikuwa umeshafanyiwa ukarabati mara mbili hospitalini na hakuuamini tena. Alitaka jambo moja kabla haujamgomea: aseme "mke wangu" mbele za watu, na Doreen asimsahihishe. Ndipo akamsikia tajiri mmoja klabuni akinung'unika kwamba wanandoa hurithiana bila kodi, ila wasiooana hukamuliwa. Clifford nusura amkumbatie.

Na sasa binti wa watu anamwambia hana mali ya kutosha kukamuliwa!

"Wakili kasemaje?" Doreen aliuliza jioni ile, akimimina chai.

Clifford alikohoa. Hakuwa mwongo, na mtu asiyezoea uongo akianza hana breki. "Mambo mazito. Nikifa, kodi itakufagia. Asilimia arobaini! Utauza nyumba. Lakini wanandoa, eti, hawatozwi hata peni."

Doreen aliweka birika chini. Kama kulikuwa na kitu alichokichukia kuliko ndoa, ni kuipa serikali kitu ambacho angeweza kubaki nacho.

"Hata peni?"

"Hata peni moja."

"Basi ngoja nifikirie."

Alifikiria wiki tatu. Katikati ya wiki hizo ikaja barua ya Bi Pickersgill yenye maneno yale yale, hakuna kodi, na Clifford akaikimbiza bandani, akaichimbia kwenye kopo la mbegu za maharage. Siku ya kutia sahihi, Doreen akavaa kofia.

"Twende wote."

"Utachoka bure, mama. Ngazi nyingi kule."

"Ngazi sita, wewe mzee. Vaa koti."

Wakili aliwapokea kwa tabasamu. "Na kizuri ni kwamba, kama nilivyomwandikia Bwana Sugden, hapa hakuna kodi yoyote."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Clifford iliishia kwenye zulia la wakili, akabaki kulitazama.

"Jambo la mwisho," wakili akaendelea. "Ndoa hufuta wosia uliotangulia. Kama mnatarajia kuoana, lazima niandike humu, la sivyo siku ya harusi karatasi hii inakufa. Niandike?"

Clifford alitikisa kichwa. "Hapana, binti yangu. Hakuna tena sababu ya…"

"Andika," alisema Doreen.

Wote wawili wakamgeukia.

"Andika kwamba tunaoana. Mimi silipii wosia mara mbili."

"Doreen, ile kodi…"

"Najua hakuna kodi. Barua umeificha kwenye maharage. Hayo maharage tangu lini ukapanda wewe?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka nione utafika wapi. Watu hudanganya wakwepe kodi. Wewe umejizushia ya kwako!" Sauti ilimtetemeka, akaikasirikia. "Yule wa kwanza alinidanganya ili aondoke. Wewe umenidanganya ili nibaki. Hiyo ndiyo sababu ya maana, mjinga wewe."

Clifford alilia waziwazi, mbele ya makarani wawili walioitwa kushuhudia sahihi. Mmoja wao, asijue pa kutazama, alisogeza kiti.

"Karibu hapa, Bi Sugden."

Clifford alifuta macho, akangoja asikie karani akisahihishwa. Doreen alivua kofia, akaketi.