Mwaka Tuliokaa Mlangoni

Nilikwenda Mtwara mwaka jana, rafiki yangu, baada ya miaka mingi ya kusema nitakwenda. Ikaangukia Jumapili ya mavuno. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikapitia sokoni nikanunua mihogo mitatu minene, nikaingia nayo kanisani nikidhani nitaipeleka mbele kama zamani. Kijana wa mlangoni, amefunga tai, akanipokea kwa adabu zote. "Shikamoo bibi. Malimbuko siku hizi watu wanatuma kwa simu, lakini hiyo mihogo yako tutaiweka hapa." Hapa penyewe ni nyuma ya spika. Ibada nzima sikusikia mahubiri. Niliitazama mihogo yangu imelazwa chini na nyaya za umeme, na ule wivu wangu wa zamani ukaanza kunipanda kifuani. Maana mimi ni mtu wa wivu, sikufichi. Na wivu wangu wa kwanza maishani nililionea kanisa hilohilo.

Lo, siku hizo lilikuwa kibanda tu! Udongo na makuti, kati ya Mtawanya na Ufukoni, miaka ile ya arobaini inaishia na bandari ndiyo kwanza inajengwa. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkorosho, na hakuna aliyeuliza kimetoka wapi. Ukivuma upepo wa kutoka baharini ulikuwa unasikia mashine za bandarini zikitwanga mchana kutwa. Wakristo tulikuwa wachache, familia zilizoshuka kutoka uwanda wa Makonde na nyingine zilizovuka Ruvuma kuukimbia utawala wa Mreno. Majirani zetu wengi walikuwa Waislamu, na tuliazimana moto, chumvi na vinu bila kuulizana dini.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno, na baba alikwenda kwenye mkonge Tanga akawa mtu wa barua. Tulikuwa wawili tu nyumbani, na kwa utani wa bibi na mjukuu alikuwa akiniita "mke mwenzangu." Mke mwenza! Laiti angejua. Mimi mke mwenza wangu alikuwa kanisa.

Bibi alikuwa wakili wa malimbuko. Sijui kama desturi yetu ilitoka kwa wamisionari au ilitoka kwa wazee wa Kimakonde ikabatizwa njiani, lakini ilikuwa hivi: zao lolote jipya, liwe la mahindi, mbaazi au njugu mawe, haligusi mdomo wa mtu mpaka la kwanza lipelekwe kanisani na kubarikiwa Jumapili ya mavuno. Kabla ya siku hiyo tulikula makopa, muhogo mkavu wa mwaka uliopita, na ming'oko ya kuchimba porini. Nyumba iliyoonja kabla ilisemwa "imekula mbele," na adhabu yake ilikuwa kukaa chini mlangoni mwa kanisa mwaka mzima, mpaka mavuno mengine. Bibi ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuwakumbusha watu. Na baada ya mavuno, yeye ndiye aliyetunza ghala la kanisa na kugawa: huyu mjane, huyu mgonjwa, hawa wageni wamevuka mto jana hawana hata chungu. Hakuuliza mtu anasali wapi. Kila siku jua likianza kupoa alijitupia khanga begani, akachukua lile kapu lake la ukindu lenye mikono miwili, akaondoka. Ukimsifu alikuwa akijibu, "Si vyangu hivi. Nimeshikishwa tu."

Nami je, nilishikishwa nini? Kizingiti cha mlango. Nilikaa pale nikinusa ugali wa muhogo unapikwa nyumba za wenzangu, bibi yangu akiwa kwa watu. Kila kizuri kilipita kwetu kikielekea kwingine. Yai la kwanza la kuku wetu lilikwenda kwa mgonjwa. Kuku mwenyewe baadaye akafuata njia ya yai lake. Nilikuwa nikikasirika. Na kilichonichoma zaidi ni binti wa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, rika langu kabisa, mwenye adabu ya kuchosha, anayepiga magoti hata akipewa maji ya kunawa. Bibi hakuacha kumsifu. "Umemwona mwenzako?" Nilikuwa nimemwona, tena sana.

Nikapanda mpapai wangu. Kwa mkono wangu, nyuma ya nyumba, nikaumwagilia maji ya kuoshea vyungu. Ulipozaa mara ya kwanza ulibeba mapapai manne, matatu yakadondoka machanga, likabaki moja kubwa. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikwenda kulitazama. Nilijua sheria, lakini moyoni nilijiambia kwamba bibi, kwa hili moja, atasema ni la mjukuu wangu. Siku chache kabla ya Jumapili ya mavuno nikamsikia uani akizungumza na binti wa jirani: "Lile papai likishabarikiwa tutampelekea yule mama wa Ufukoni aliyejifungua. Utalibeba wewe, mwanangu. Wewe unajua kubeba."

Utalibeba wewe! Papai langu, mkononi mwa yule!

Alhamisi, bibi akiwa ghalani, nikachukua ufito nikaliangusha. Lilikuwa na manjano upande mmoja tu, kwingine gumu, na utomvu wake ulinichoma midomo. Nililila lote. Nilikaa kwenye kichaka nikatafuna hata pale palipokuwa panachukiza, machozi yananitoka, sijui ya utomvu au ya hasira.

Bibi aliporudi alitazama mpapai. Kisha akatazama midomo yangu, ilikuwa imevimba tayari. Akasema, "Haya," akaenda kukoka moto. Mimi nilitaka anipige, yaishe.

Kesho yake akaja jirani yetu mwingine, Mwislamu, mke wa mvuvi, aliyemheshimu bibi kama mamaye. Sijui alionaje, lakini uswahilini kwetu hakukuwa na siri. Akasema, "Mama, papai moja tu! Chuma jingine kwangu, wallahi nakupa, nani atajua?" Bibi alikuwa anachambua mbaazi. "Mwanangu," akasema, "nimepita milango yote nikiwakataza wenzangu. Wangu nitauruka vipi?"

Jumapili kanisa lilijaa harufu ya mtama mpya na mabua mabichi. Nyumba moja moja ziliitwa. Ilipofika zamu yetu bibi akasimama, akalipeleka kapu lake mpaka mbele ya altare, akaliweka chini likiwa tupu. Akageuka. "Nyumba yangu imekula mbele," akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza bei ya chumvi. Watu wakaguna. Katekista, mzee mpole, akaliinamia kapu. Akauliza taratibu, "Nani aliyekula, mama?"

"Nimesema nyumba yangu."

Akatoka mbele, akapita katikati ya watu wote aliowahi kuwakataza, akaja kuketi chini mlangoni. Nami nikamfuata, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mimi. Kapu akakabidhiwa jirani yetu, mama yake yule binti.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia padre yeyote. Nilifurahi. Wenzangu wananitazama, wengine wanacheka, na mimi moyoni ni sherehe. Nimempata bibi yangu!

Na kweli nilimpata. Mwaka ule tulichimba ming'oko pamoja, tukaichemsha, tukaila na chumvi na pilipili tukiwa tumenyoosha miguu jikoni. Alinifundisha kusuka ukili. Tulikaanga korosho juu ya bati, moshi mweusi unatutoa machozi, yeye ananiimbia nyimbo za unyago zisizonihusu bado kisha anajiziba mdomo na kucheka. Siku moja katikati ya kubangua korosho akaniuliza bila kuinua macho, "Hivi lilikuwa tamu?" Nikasema, "Lilikuwa bado." Bibi alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni.

Lakini niliona mengine pia, usidhani sikuona. Jua likianza kupoa mikono yake ilikosa pa kukaa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Akipita mtu njiani anasimama upesi: "Yule mama wa Ufukoni maziwa yametoka? Wale wageni wa Kilambo wamepata chungu?" Wakati mwingine alisonga ugali wa watu sita, akautazama, akasema, "Mh! Uzee huu." Alikonda. Jioni nyingine alilala mapema akiwa haumwi. Nilijua kinachomla. Neno moja langu mbele ya katekista lingemrudisha, maana mtoto akikiri mwenyewe, desturi ilimhesabia yeye peke yake, si nyumba. Sikulisema. Nilikuwa nimempata, nimwachie kwa nini?

Mavuno yakarudi, mwaka wetu wa mlangoni ukaisha. Jumapili hiyohiyo alasiri jirani akaja na kapu kichwani, binti yake nyuma. "Mama, chukua kitu chako," akasema. "Mimi wamenichosha. Kila mlango naulizwa, bibi yuko wapi, bibi yuko wapi. Nikiwapa unga wanautazama hivi, kama nimewapunja." Bibi alilipokea kapu kwa mikono miwili. Ungeuona uso wake! Katika mwaka wote wa ming'oko na nyimbo sikuwahi kumpa uso ule, na hilo likaniuma kuliko yote.

Akalijaza unga na choroko, akashika mkono mmoja wa kapu, ule mwingine akanielekezea mimi. "Mke mwenzangu, shika huku. Twende wote."

Rafiki yangu, nikupe nafasi ucheke. Kile nilichokilia miaka yote kilikuwa kimeletwa mpaka mkononi mwangu. Nikasema, "Sitaki. Nenda na kanisa lako."

Binti wa jirani akasogea, akashika. Bila majivuno, maskini, aliona tu kapu linaelemea upande. Wakaondoka wawili njia ya Ufukoni, na mimi nikarudi kwenye kizingiti changu. Kesho yake bibi aliniita tena, nikakataa. Aliniita wiki nzima. Kisha akaacha kuita, na yule binti akawa anakuja mwenyewe jua likipoa. Mimi nikakua hivyo, mkaidi, nimenuna, mpaka nikapelekwa bweni shule ya masista huko bara.

Barua ya katekista, kwamba bibi ni mgonjwa sana, ilinikuta darasani, miaka ya hamsini inaelekea mwisho. Nilisafiri kwenye lori la korosho nikafika asubuhi ya maziko. Sikuweza kulikaribia kanisa kwa watu. Waliojaa ndani walikuwa wetu, na nje, kwenye majani, walikuwa watu nisiowajua hata mmoja: wavuvi wa Mikindani na kofia zao, makuli wa bandarini, wanawake waliotembea kutoka Kilambo na watoto migongoni. Wote wanalia, tena kilio cha kweli. Na aliyekaa mbele akipokea pole, akimjua kila mtu kwa jina la mtoto wake, alikuwa binti wa jirani. Hakuna aliyenitambua. Nikatafuta nafasi kwenye mkeka wa wanawake wa mwisho kabisa.

Pale kila mmoja alikuwa anasimulia. Huyu aliletewa unga wiki ile mumewe alipoangukiwa na gogo bandarini. Huyu aliletewa khanga ya kumpokelea mtoto. Mwingine alisema kwake bibi hakuleta kitu siku ile, aliketi tu akamsikiliza mpaka akapata usingizi. Nami kwa kila hadithi nilikuwa najua mahali nilipokuwa saa hiyo. Kwa wivu nikashindwa hata kumlilia bibi yangu.

Mama mmoja wa Kilambo, mtu mzima, akanisogezea nafasi. Akanitazama kwa huruma akauliza, "Na wewe, mwanangu? Wewe alikuwa anakuletea nini?"

Nikatafuta. "Hakuniletea kitu," nikasema. "Mimi nilikuwa naishi naye tu. Mimi ni mjukuu wake."

Yule mama akanishika mkono, akauweka mapajani mwake. "Kumbe ndiye wewe!" akasema. "Tulikuwa tunakuonea wivu, sisi tulipokuwa wageni hapa. Tukimwambia, mama, kaa kidogo, uji unaiva, hakubali. Anatazama jua, anafunga khanga. Anasema, niacheni, kuna mtu ananingoja mlangoni."

Hapo ndipo nikalia. Ghala halipo leo, njia ya Ufukoni imejaa maduka, wala hakuna anayejua tena maana ya kula mbele. Hayo sikuyaonea uchungu sana niliporudi mwaka jana. Ninayemwonea wivu siku hizi ni kale katoto kamenuna kizingitini, na mtu mzima anakuja mbio kwa ajili yake.