Sura ya baba ilimezwa na mkunjo wa photo book

Niaje wakuu. Hii ilinipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Mapema 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, nyumba yetu huko Njoro ilichomwa. Sisi tulitoka salama, lakini albamu zote za mum ziliisha. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo sura yake tulibaki nayo kichwani tu.

Tukahamia Nakuru town. Nikaanza kuomba picha kwa mashangazi na majirani wa zamani. Nika-scan, nikazipanga kwa computer ziwe kitabu.

Sikuwa nimewahi kufanya layout maishani, lakini hiyo kitu inakushika!

Picha ya harusi ya mum na baba nikaitandaza kurasa mbili. Kwa screen ilikuwa moto.

Nikaipeleka kwa Mama Simran, mwenye duka ya printing. Akatoa sample, akaibandika. Kufungua hivi, baba hayuko! Alikuwa amesimama katikati kabisa, pale kurasa mbili zinakutana, na mkunjo umemeza pua na jicho moja.

Ilikuwa kama kumzika tena.

"Mtu haekwangi katikati," Mama Simran akaniambia pole pole. "Halafu scan yako ni ndogo. Ukiikuza inakuwa ukungu."

"Na nikiiacha ndogo, upande mmoja?"

"Page itabaki nyeupe karibu yote."

"Wacha ibaki."

Hapo ndio maswali yalianza. Kwa nini kingo zinakatwa? Kumbe kisu cha mashine husogea kidogo, so usiweke kichwa cha mtu pembeni. Karatasi ya kung'aa ama matte? Tukazipeleka zote mbili kwa dirisha. Ile ya kung'aa ilirudisha jua, sura ikapotea. Nikachukua matte.

Siku ya kumpa mum, alifika kwa page ya harusi akaniuliza:

"Mbona umeacha nafasi yote hii?"

Kabla nijibu, akaitisha pen. Akaandika chini ya picha jina la kila mtu aliyesimama pale.

"Huyu ni kaka ya baba yako. Alifariki kabla uzaliwe."

Mimi hata sikujua baba alikuwa na kaka.

Somo nililopata: mtu asikae kwa mkunjo, na usiogope page nyeupe.

Sasa wenye mnajua karatasi, nisaidieni: ni gani inashika wino vizuri bila kutapakaa? Mum ameshaanza kuandika kwa page zile zingine.