Kisiwa cha Mujomba

Mujomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa mutu wa turisme, ule utalii, bila mwenyewe kujua. Yeye alijua tu kwamba kila kiangazi, Lualaba inapopungua, pale Nyangwe kisiwa cha muchanga kinatokea katikati ya muto, na anayetangulia kujenga vibanda pale ndiye mwenye mahali. Kila mwaka alitangulia yeye. Watu walitoka Kasongo na pikipiki: walimu, mapadri, wachuuzi wa dhahabu, maharusi wa kutafuta picha. Chupa za soda na bia tulizizika mu muchanga wenye maji zipoe, mimi nikapika samaki mu majani, na mujomba akazunguka kati ya wageni, shati lake la maua wazi mpaka kitovuni. Tangu muke wake afariki, ile miezi ndiyo ilikuwa inamuamusha. Miezi mingine alikohoa tu na kungojea.

Basi, wakati wa matope, kijana mumoja akatoka Kindu. Ametumwa kupima kama utalii wa mukoa wetu utavumilia mabadiliko ya hali ya hewa. Alikaa uani kwangu hapa Kasongo, buti zimejaa tope mpaka ndani, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

“Turisme gani, shefu? Njia yenyewe imekushinda!”

Mujomba, aliyekuwa amekuja sokoni siku ile, hakucheka. Akauliza polepole, “Watu wakikuja kula samaki mu muchanga, ile nayo ni turisme?”

“Kabisa, papa. Wewe ndiye mutu wa turisme mwenyewe. Nikipaona nikaparidhia, nitapendekeza wageni wa Kindu wapelekwe kwako.”

Weee! Mujomba akaanza kufunga vifungo vya shati, kimoja kimoja.

“Usiandike kitu sasa,” akasema. “Kuja mwezi ya saba, uone na macho. Mwezi ya saba Lualaba haijanidanganya hata siku moja.”

Mwezi wa saba ukafika, na mvua ikafika nayo. Mvua, mwezi wa saba! Mihogo niliyoanika ikashika ukungu, nikaitukana ile mvua mpaka jirani yangu, mukristu wa kweli, akaniambia nitubu. Nitubu kwa nani? Yenyewe ilikuwa imeniomba ruhusa? Nikatuma mwenye pikipiki mumoja Nyangwe, amwambie mujomba tuahirishe. Akarudi na jibu: “Mugeni akiisha kuitwa, ameitwa. Lete pilipili.”

Kijana akafika toka Kindu, tukaenda, yeye na mimi nyuma ya pikipiki moja. Tulianguka, tukaamka, sufuria ikaenda njia yake, tukaifuata. Kufika Nyangwe, muto umejaa ukingo kwa ukingo, maji mekundu, hakuna hata punje ya muchanga. Na mujomba yuko ukingoni, shati la maua limefungwa mpaka shingoni.

“Mugeni njoo, mwenyeji apone!”

“Mujomba, kisiwa kiko wapi?”

“Kiko. Kimelala tu. Pikeni, halafu mupande.”

Nikapika palepale ukingoni, tukapanda mutumbwi na chakula chetu. Katikati ya muto mujomba akaangalia minara ya kanisa, akaangalia mungazi mumoja, ule muti wa mawese, ng’ambo, akasimamisha mutumbwi.

“Hapa. Shefu, umekaa mu restora yangu. Meza iko chini ya miguu yako.”

Kijana akainua miguu! Mama wee, tulicheka, mutumbwi ukataka kupinduka. Tukafungua majani tukala, mafuta ya mawese yakiteremka mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilianza kuamini mambo yatakuwa sawa.

“Papa, maji yakipungua utafungua tena?” kijana akauliza, mudomo umejaa.

“Kesho yake! Muchanga haukimbie. Angalia, uko hapa tu, kipimo cha kiuno.”

Akachukua upondo, ule muti murefu wa kusukumia mutumbwi, akauchomeka mu maji. Ukapita kiuno. Ukapita urefu wa mutu. Ukazama wote, mukono wake ukaufuata mpaka begani, na chini haikupatikana. Akatusogeza kushoto, akachomeka. Akatusogeza kulia, akachomeka. Maua ya shati yote yakalowana.

Nikakunja majani ya samaki, nikayaweka chini.

“Hakikulala,” mujomba akasema. “Muto umekibeba.”

Maji yalikuwa yanatuteremsha, na yeye hasukumi. Nikaanza kulia, sikujificha.

Kijana alikuwa na simu yake mukononi, hajui aiweke wapi. Mwisho akauliza kwa sauti ya chini, “Papa, niandike nini?”

Mujomba alikamua mukono wa shati lake, akakamua tena.

“Andika kwamba watu walikuwa wanakuja.”