Mteja Aliyemhama Bi Pi-lien

Saa tatu kasorobo asubuhi, Bi Tu Pi-lien anapangusa simu yake ya mezani kwa kitambaa, anavuta kiti, anatupia jicho meza ya tatu kutoka yake, kisha anajifanya hakutazama.

Amekuwa akijifanya hivyo mwaka mzima, na katika ukumbi huu wa hisa hakuna anayedanganyika.

"Umeshamkagua?" anauliza Mzee Kang, mwalimu mstaafu anayekalia kiti kile kile mbele ya ubao wa bei kila siku ya soko, chupa ya chai miguuni.

"Nimkague nani? Wewe tazama hisa zako za saruji. Zinasinzia kama mwenyewe."

"Zangu zinasinzia, jicho lako halisinzii."

Wazee wenzake waliokuja kutazama bei wanaangua kicheko. Bi Pi-lien anacheka nao, ila ni midomo tu.

Meza ya tatu ni ya Chien Ruo-ting, binti wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye adabu, asiyechelewa kazini. Hajamtukana mtu wala kumwibia mtu. Alichofanya ni kumchukua mteja mmoja, na mteja huyo ndiye chanzo cha makala haya.

Bi Pi-lien ana miaka hamsini na tisa. Zaidi ya nusu ya maisha yake ameipitisha katika tawi hili la kampuni ya udalali wa hisa mjini Chiayi, Taiwan, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Kazi yake ukiitazama kwa mbali ni nyepesi: mteja anapiga simu, anasema nunua au uza, karani anaipeleka amri sokoni. Ukimkalia karibu unaona mengine. Anampigia mjane kumkumbusha kwamba malipo ya hisa alizonunua yanakatwa kesho, benki asiache patupu. Anamweleza fundi cherehani kwa nini bei imeshuka siku ya gawio bila kampuni kuharibikiwa. Anamwambia dereva wa lori kwamba uvumi aliousikia kwenye kituo cha mafuta umeshasikiwa na kisiwa kizima.

"Watu wanadhani tunakaa na siri za matajiri," anasema. "Siri gani? Mimi nabembeleza watu wasikimbie, na nawashika shati wasirukie."

Mshahara wake ni dola elfu thelathini na mbili za Taiwan kwa mwezi, mahali ambapo bakuli la wali wa bata mzinga ni hamsini. Juu ya hapo kuna kamisheni ya kila amri inayopita mkononi mwake. Zamani kamisheni ilikuwa inaupita mshahara. Siku hizi wateja wanabonyeza wenyewe kwenye simu, ada ya huko ni chini ya nusu, na kamisheni ya mwaka jana, kwa maneno yake, "ilinunua mafuta ya pikipiki na dawa ya kikohozi."

Lakini si kamisheni inayomchoma. Anapoulizwa kama ni masikitiko, anaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Andika wivu. Usinipambie. Masikitiko ni ya mtu aliyefiwa, na mimi sijafiwa. Mtu wangu yupo, mzima, ananenepa, na yuko na mwingine. Huo ni wivu."

Mtu wake anaitwa Hou A-kim, muuza wali wa bata mzinga karibu na soko la mashariki. Walijuana miaka kumi na tisa iliyopita, A-kim alipopanda ngazi na aproni yake, akasimama mlangoni na kuuliza kama watu wanaonuka mafuta wanaruhusiwa kuingia. Bi Pi-lien alimjibu kwamba mafuta yake yananukia kuliko manukato ya meneja. Wakawa mashoga tangu siku hiyo.

Alimfungulia akaunti, akamfundisha kuusoma ubao, ambao hapa mwekundu ni furaha na kijani ni msiba. Kila msimu wa mikutano ya wenye hisa, Bi Pi-lien alijipanga foleni kumchukulia zawadi zinazotolewa na kampuni. A-kim anazipenda kupita kiasi: sabuni, bakuli, mikasi, miavuli isiyofika mwisho wa mvua. Kuna mwaka alishika hisa moja tu ya kiwanda cha masufuria ili apate kijiko cha kuchotea supu.

"Na kijiko nilimpelekea mimi, kwa miguu yangu, na jua lile!" anasema Bi Pi-lien. "Leo anapelekewa na yule binti. Ati kwenye mfuko wenye utepe. Kijiko cha supu, utepe wa nini?"

Namna A-kim alivyohama inajulikana tawi zima. Ruo-ting alikwenda kula kwake mchana mmoja, akamkuta anahangaika kupokea simu kwa mikono yenye mafuta. Akamwonyesha jinsi ya kununua kidogo kidogo kila mwezi, simu ikifanya yenyewe: si hisa za kiwanda kimoja, bali kapu la kampuni kubwa hamsini kwa pamoja. Akamweleza kwamba soko la sasa linageuka haraka, na mtu anayeuza wali kutwa hana muda wa kulikimbiza.

Maelezo hayo ni sahihi. Bi Pi-lien anakubali, na kukubali kwenyewe kunamuuma.

"Angekuwa mjinga ningelala usingizi," anasema. "Tatizo hasemi uongo. Nilimtegea wiki nzima aseme uongo, wapi!"

Kubadili karani kunahitaji saini ya mteja, na lazima aje tawini. A-kim alikuja. Akakaa na Mzee Kang, akauliza habari za saruji ambazo hana hata hisa moja, mpaka Bi Pi-lien alipokwenda msalani. Alipotoka, A-kim alikuwa anashuka ngazi.

"Miaka kumi na tisa!" anasema. "Angeniambia tu, 'Shoga, nahama.' Ningemtukana kidogo, yakaisha. Yeye akanisubiri niende chooni."

A-kim, akiulizwa hayo mbele ya sufuria yake, anainamisha kichwa. "Ningemwambiaje? Yule angenitazama tu, na mimi nisingesaini." Kisha anafoka kuficha haya. "Na wewe mwandishi, unakula au unanihoji?"

Kisha ikaja Jumatatu ile, soko lilipofunguliwa baada ya likizo ya kufagia makaburi.

Watu walikuwa wametoka milimani kusafisha makaburi ya wazee wao, soko likiwa limefungwa huku masoko ya ng'ambo yakiporomoka. Lilipofunguliwa, ubao wote ulikuwa kijani kutoka juu hadi chini. Mzee Kang aliusahau hata mfuniko wa chupa yake. Programu za simu ziliganda kwa wingi wa watu waliotaka kuuza.

A-kim akaingia mbio, aproni kiunoni, simu mkononi. Akapita meza ya kwanza, ya Bi Pi-lien, bila kugeuka. Akapita ya pili. Akaishika meza ya Ruo-ting kwa mikono yote miwili.

"Uza! Uza zote!"

"Shangazi, kaa kwanza. Kapu lako ni la muda mrefu, tulisema..."

"Tulisema, tulisema! Hizo ni fedha za duka langu! Mwenye nyumba anauza mwakani, nisipolinunua naenda kukaanga wapi, barabarani? Uza, mwanangu, kabla hazijaisha!"

Kanuni haina mjadala. Mteja akisema uza, karani anauza. Ruo-ting alikuwa amefanya alichofundishwa: ameeleza mara moja, ameeleza mara mbili, mteja amekataa. Akaanza kuandika amri.

Bi Pi-lien aliona yote, na alilijua jambo ambalo Ruo-ting hakulijua. A-kim akishikwa na hofu hasikii hesabu wala maelezo. Hofu yake inapita haraka kama moto wa karatasi, ila akiuza ndani ya hofu hiyo, hujuta mwaka mzima. Mara mbili huko nyuma alikuja hivyo hivyo, na mara mbili Bi Pi-lien alimzuia.

"Nitakwambia ukweli," anasema, na sauti yake inashuka. "Nilitaka auze. Nilisema moyoni, uza, shoga yangu, uza. Bei ikirudi utalia, na ukilia utamjua aliyekuwa wako. Nilikaa nikiitazama mikono ya yule binti kwenye kibodi. Nikafurahi. Nilifurahi kabisa, Mungu wa Ardhi ananiona."

Furaha hiyo haikudumu. Akamwona A-kim akijifuta uso kwa ncha ya aproni. Bi Pi-lien akainuka kama anayefuata maji ya chai, akapita nyuma ya Ruo-ting, akamnong'oneza: "Mwambie akalete muhuri wake."

"Lakini kuuza hakuhitaji muhuri, Dada."

"Najua hakuhitaji. Mwambie!"

Muhuri wa A-kim, wenye jina lake na unaopigwa badala ya saini, hukaa kwenye droo chini ya madhabahu ya wazee wake nyumbani. Hawezi kuivuta droo ile bila kuwasha udi kwanza. Akiwasha udi huwasalimu wazee, akimaliza anamkumbuka marehemu mumewe na kumsimulia yaliyotokea, na akifika mwisho wa kusimulia huwa ameshatulia. Na hapo watu wa chakula cha mchana wanakuwa wamejaa dukani.

Ruo-ting akasema alichoambiwa. A-kim akalalamika, "Na wewe pia unataka muhuri? Sheria gani hizi!" Akashuka ngazi akinung'unika.

Hakurudi mpaka soko limefungwa. Alirudi taratibu, hana muhuri, ana boksi la wali wa bata mzinga lililofungwa vizuri. Boksi kama hilo, kila alipotulia baada ya hofu, lilikuwa la Bi Pi-lien. Siku hiyo alilitua mbele ya Ruo-ting.

"Wewe binti una akili," akasema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Unanijua kuliko nilivyojijua. Sijawahi kupata karani kama wewe."

Bi Pi-lien alikuwa anafungua na kufunga droo isiyokuwa na kitu.

Baada ya wiki kadhaa bei zilianza kurudi. Ruo-ting, ambaye siku ile hakuweza kuumeza wali wenyewe, alimfuata Bi Pi-lien jikoni. "Dada, niache nimwambie ni wewe. Kinanikaa kooni."

"Kikukae. Ukimwambia atarudi kwangu kwa aibu, na mimi simtaki wa aibu."

Mwezi ujao Bi Pi-lien anastaafu. Kwa kuwa ataondoka, ameruhusu yaandikwe haya, hata la kumchelewesha mteja, ambalo meneja anasema hakulisikia. Kila siku baada ya kazi anabaki na Ruo-ting kumkabidhi wateja wake: huyu msemeshe taratibu, yule usimpigie akiwa kwa mkwewe. Anakabidhi kwa uso mkavu na hafichi kitu.

Mpango wake ni kukodi kipande cha shamba nje ya mji alime nanasi, na asubuhi za soko aje kukaa na Mzee Kang, awe mteja kama wateja wengine.

Anaulizwa kama ana tumaini lolote kuhusu soko. Anatazama ubao, ambao leo ni mwekundu mtupu, wazee wakipongezana. Anatazama mlango wa ngazi.

"Lianguke," anasema. "Kabla sijaondoka, lianguke kidogo. Aje mbio na aproni yake, na achanganyikiwe, asahau kwamba amehama, aje moja kwa moja mezani kwangu."

Anahesabu kitu kwa vidole.

"Siku moja tu," anasema. "Kesho yake lipande, bwana. Asije akalikosa duka."