Mpaka Ndani ya Kompyuta

Mtaani kwao wanamwita Mama Nembo, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka kumi na minane ametarizi nembo za mifukoni: za shule, za timu, za walinzi, za kwaya tatu zisizosalimiana. Mwonyeshe shati lolote la sare, ataugeuza mfuko, akague uzi wa ndani, kisha akwambie kama limepita mikononi mwake. Kama halikupita, utajuta kuuliza.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Upande mmoja kuna cherehani ya kutarizi yenye sindano sita, upande wa pili meza, na juu ya meza kompyuta moja iliyobeba michoro yake yote, mia nne na ushee, iliyopangwa mshono kwa mshono. Programu ya kuichorea ni ya zamani na inakubali mfumo endeshi wa zamani tu. Mama Nembo naye hakutaka kusikia habari za mfumo mwingine.

Kisha mumewe akastaafu. Alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu aliyekaa juani miaka thelathini akitafuta mawe ya mipaka yaliyofukiwa makusudi. Kukaa bure kukamshinda. Wiki ya pili tu akatangaza kwamba anataka kujifunza mfumo mpya, ule wa bure, achore ramani kwa raha zake.

"Kwenye kompyuta ya nani?" mkewe akauliza, na sindano sita zikasimama.

"Yetu."

"Imekuwa yetu tangu lini?"

Akaitwa fundi kompyuta, mdogo wake Mama Nembo, mtu wa kucheka hata penye kulia. Akawaambia hakuna haja ya kugombana: diski moja inagawanyika, kila mfumo ukae kwake. Mpimaji kusikia neno kugawanya, akachangamka. Akaleta karatasi na rula, akachora kiwanja, akapitisha mpaka katikati, akaandika Namba Moja upande wa mkewe na Namba Mbili upande wake, na akataka wote watie sahihi. Fundi alisaini kama shahidi huku akifuta machozi ya kicheko.

Tangu siku hiyo kompyuta ikiwashwa ilileta orodha ya mistari miwili na kuhesabu sekunde kumi. Usipochagua, inaingia mstari wa juu, nao ulikuwa wa Mpimaji. Hakukuwa na hila yoyote. Mfumo mpya ulijipanga hivyo wenyewe. Lakini nenda kamweleze Mama Nembo! Anawasha, anageuka kutunga uzi, akirudi anatazamana na picha ya mlima ya mumewe.

"Nimeingia tena kwa jirani!" Anazima, anaanza upya.

Lililomkera zaidi ni kwamba mumewe, akiwa upande wake, aliweza kuyaona mafaili ya mkewe, ilhali yeye hakuona chochote cha mume. "Yaani yeye anachungulia uani kwangu, mimi naona ukuta," alimlalamikia mdogo wake. Na baada ya miezi michache Mpimaji akaanza kusema nafasi imemwishia.

"Umejaza nini humo?"

"Vitu."

Mtu mzima na mvi zake anajibu "vitu". Mama Nembo akajua ni mechi za zamani za mpira, na akaapa hampi hata kipande.

Mwezi uliofuata akapata kazi ya chuo cha wauguzi: nembo mia mbili, mahafali Jumamosi. Mchoro wa taa, kitabu na mikono miwili ulimla siku tisa, akaumaliza Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi akatoka kwenda kununua uzi wa dhahabu. Aliporudi alimkuta mumewe ameketi wima mbele ya kompyuta, mikono magotini, kama mtoto anayengoja kuchomwa sindano.

"Mke wangu, weka mfuko chini kwanza."

"Nani amekufa?"

"Kiwanja Namba Moja."

Akayatoa yote. Alikuwa akisogeza mpaka, kidogo tu, ajipatie nafasi. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi, upande wake uliwaka vizuri. Upande wa mkewe ulionyesha kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi.

Mama Nembo akauweka mfuko chini. Miaka kumi na minane, na wauguzi mia mbili wa keshokutwa! Akakaa.

"Miaka thelathini umewagombeza watu wanaohamisha mawe ya mipaka," akasema polepole. "Thelathini, Mzee. Umestaafu, umekuja kuhamisha la mkeo."

"Kosa ni langu. Ila nilihitaji nafasi."

"Ya mpira!"

"Mpira gani?"

Akafungua folda iliyoitwa Kiwanja cha Jirani. Walinzi walikuwamo. Kwaya zote tatu zilikuwamo. Kila mchoro ulikuwa na namba na tarehe, mingine nakala nne nne, kila alipoubadilisha.

"Ofisini hatukuweka ramani mahali pamoja," akasema, macho hayainui. "Nikiona zako zote ziko upande mmoja, roho haitulii. Kila Ijumaa ukienda sokoni, nanakili. Ndivyo vitu vyenyewe."

"Na wa wauguzi? Nimeumaliza jana!"

"Mpimaji hasogezi jiwe kabla ya kuchukua vipimo. Niliunakili asubuhi hii, ndipo nikaanza kusogeza."

Akalitia faili kwenye flashi, flashi ikaingia kwenye cherehani. Cherehani haikuuliza imetoka mfumo gani. Ilianza kushona taa. Nembo ya kwanza ilipotoka, Mama Nembo aliigeuza, akakagua uzi wa ndani, na machozi yakamtoka. Alimpenda sana mwanamume yule, na bado alitamani kumchapa kwa rula yake mwenyewe.

Wauguzi walivaa nembo zao. Jumapili fundi akaja, akausimamisha upya mfumo wa zamani, akairudisha michoro yote.

"Dada, safari hii nikuweke wewe juu kwenye orodha?"

"Mwache huyohuyo. Sekunde kumi zinanitosha kubonyeza."

Mpimaji alikuwa pembeni. Mama Nembo akaichukua ile karatasi yenye sahihi tatu, akafuta mpaka wa katikati, akachora mwingine, vidole viwili ndani ya Kiwanja Namba Moja, chake mwenyewe.

"Haya, shemeji, tia sahihi," fundi akasema.

"Tia," mkewe akasema, akimsukumia kalamu. "Uweke vitu vyako."